Ngoma Mbele, Tarumbeta Nyuma

Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Bagamoyo akihangaika na wapagazi, majora ya nguo, shanga na nyaya, akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone. Katikati ya hekaheka hizo alialikwa chakula na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa waliokuwa wamefungua misheni yao pale mwaka 1868. Watu walipokwisha kula na kunywa, vijana wapatao ishirini wa misheni walijitokeza na ala zao za shaba, bendi kamili, wakaanza kupiga. Zikafuata nyimbo za Kifaransa za kusifu ushujaa wa Ufaransa, zikiimbwa na watoto ambao muda si mrefu uliopita walikuwa mali ya mtu.

Stanley alishangaa. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata aliwaeleza vijana wale kwa dharau, kama ilivyokuwa kawaida yake, na hakuona kichekesho kilichokuwa mbele yake: miezi hiyohiyo Ufaransa ilikuwa imepigwa vibaya na Wajerumani, na mfalme wa Prussia ametangazwa kaisari ndani ya jumba la Versailles. Waliokuwa wakisifiwa kwa matarumbeta Bagamoyo walikuwa wameshindwa kwao, na washindi wao, kabla miaka ishirini haijapita, wangekuja kuweka makao ya utawala katika mji huohuo, wakiwa na bendi zao wenyewe.

Ukiiweka dharau ya Stanley pembeni, habari yake ni ya thamani kubwa. Inatuambia kwamba Bagamoyo ilikuwa na bendi ya matarumbeta ya vijana wa Kiafrika kabla ya ukoloni wenyewe kufika. Watu wengi wanaozungumzia muziki wa bendi za kupuliza unaochota kwenye asili ya Kiafrika huanza na watunzi wa Marekani wa miaka ya 1990. Mimi naanzia Bagamoyo, kwa sababu hapa ndipo swali lenyewe lilipoanza kuulizwa kwa vitendo: tarumbeta na ngoma zikikutana, nani amfuate mwenzake?

Vijana wale wa misheni hawakupewa nafasi ya kulijibu. Walitoka makabila mengi, wengine wamenunuliwa katika soko la watumwa la Unguja, na ngoma za kwao zilibaki huko walikotekwa. Walichopewa ni mabomba ya shaba na nyimbo za Paris. Lakini nje ya ua wa misheni kulikuwa na mji, na mji ule ulikuwa wa ngoma.

Tunaujua mji ule kwa kalamu ya mwenyeji wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa mwaka 1869 Dunda, karibu na Bagamoyo, kwa hiyo Stanley alipokuwa akila kwa mapadre, yeye alikuwa mtoto mdogo. Baadaye alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 Carl Velten alichapisha *Desturi za Wasuaheli*, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Ngoma zimo humo kwa wingi, na hazimo kama burudani ya jioni. Mtu alitumia mali yake kwenye ngoma, akakopa, akashindana na mtaa wa pili, akajipatia jina au akalipoteza. Chapuo, vumi na msondo, kila moja ilikuwa na sauti yake na kazi yake, na zumari ikipita juu yao bila kukata pumzi, maana mpuliza zumari hodari huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kuisukuma nje.

Hata shaba haikuwa ngeni. Pwani hii ilikuwa na upatu, sinia la shaba linalogongwa kwenye ngoma, na huko kaskazini walikuwa na siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, zote mbili zinapulizwa ubavuni, na leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa alama ya utawala, na ilitoka kwenye harusi na shughuli za waungwana. Mtu wa pwani alipoona bomba refu la shaba linalong'aa likitoa sauti ya kutisha, hakuhitaji Mzungu amweleze kwamba mwenye chombo hicho ana cheo.

Nadhani ndiyo maana mambo yalikwenda kasi. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya kupuliza, wapigaji wengi wakiwa Wagoa. Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza karibu na Mombasa mwaka 1875, nacho kilikuwa na bendi. Manowari za Kiingereza zilipotia nanga, mabaharia walishuka na muziki wao. Miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu wakaichukua sura yote ile, gwaride, sare, vyeo na matarumbeta, wakaifanya ngoma. Wakaiita beni.

Mwanahistoria Terence Ranger aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975 alijitahidi kuwashawishi wasomaji kwamba haya hayakuwa maigizo ya mtumwa anayemtamani bwana wake. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kushawishiwa sana. Mombasa walikuwa na Kingi na Scotchi, na hao wa pili walijivika mavazi ya Kiskoti. Tanganyika vikundi vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, vilivyoanzia kwenye miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga wakati wa Wajerumani. Marini walijiona wastaarabu na watu wa mjini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi na watu wa bara. Kila kikundi kilikuwa na majenerali wake, madaktari wake, wanawake wenye vyeo vyao, na michango ya kuzikana na kuuguzana. Walishindana kwa nguo, kwa karamu, kwa kejeli za nyimbo. Yaani ni mashindano yaleyale ya mitaa aliyoyaandika Mtoro, safari hii yamevaa kofia za kijeshi.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliisambaza beni kuliko misheni yoyote ilivyoweza. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walirudi makwao nayo, hadi maofisa wa Kiingereza wakaingiwa na hofu kwamba huu ni mtandao wa siri wa kisiasa, wakaupeleleza. Kule Ziwa Nyasa, ambako matarumbeta ya dukani hayakupatikana, watu walitengeneza ya vibuyu. Waliziba tundu kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo, na ngoma zilizochezwa kwa matarumbeta hayo zikaitwa mganda upande wa Tanganyika na malipenga upande wa Malawi. Utando huo wa buibui tuuweke akilini, tutauhitaji.

Kwa jambo ninalolitafuta, somo la beni ni moja. Wapigaji wake hawakuchukua wimbo wa kienyeji wakaupanga kwa bendi ya Kizungu. Walifanya kinyume: waliichukua bendi ya Kizungu wakaipanga ndani ya ngoma. Gwaride likawa uchezaji, paredi ikawa msafara wa mtaani kama mdundiko wa Wazaramo, ule ambao watoto huufuata wakajikuta mitaa wasiyoijua na wazazi wanawatafuta hadi usiku. Ngoma ndiyo iliyoamua, tarumbeta ikaitika.

Beni yenyewe ilififia kuanzia miaka ya 1930, vijana walipohamia kwenye dansi. Unguja bado ipo, harusini na kwenye gwaride la kufungulia tamasha la Sauti za Busara, ambako kikundi cha Mbwa Kachoka hupita na matarumbeta yao huku watu wakicheka na kucheza pamoja nao. Bara ilijificha ndani ya majina. Bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 leo tunaijua kama Msondo Ngoma, na msondo ni ile ngoma ndefu ya pwani. Wapinzani wao wa jadi, Mlimani Park iliyoanza 1978, ni Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi zenye magitaa ya umeme, tarumbeta mbili tatu na saksafoni, ile wanayoiita mdomo wa bata, zilipotafuta jina la kujivunia zilikwenda kwenye ngoma za mkoa wao. Mashabiki wa Msondo na Sikinde walivyotambiana miaka na miaka, Marini na Arinoti wangejiona nyumbani.

Mrithi wa karibu zaidi wa beni, hata hivyo, hachezi ukumbini. Simama Tegeta au Bunju, kando ya Barabara ya Bagamoyo, Jumamosi alasiri. Utaisikia kabla ya kuiona: pikapu inakuja polepole, taa zinawaka na kuzima, nyuma yake wameketi vijana wamegeuzia matarumbeta pembeni, tromboni zimetoka nje ya bodi la gari kama mitutu, tuba imemkumbatia mwenye nayo, snea na ngoma kubwa zimekaa katikati. Nyuma yao gari la maharusi lenye riboni, kisha msururu. Bodaboda zinapita ubavuni zikipiga honi kwa mapigo ya ngoma. Hawa ndio matarumbeta. Wengine wamejifunzia kanisani, hasa katika vikundi vya Walutheri ambavyo vina mizizi ya Kijerumani ya kupiga tenzi kwa shaba. Wengine wamejifunza kwa rafiki.

Tuwasikilize kwa makini kidogo, maana hapa kuna kitu ambacho karatasi za nota za kigeni hazina. Wanaanza utenzi. Tarumbeta mbili zinashika wimbo, tromboni zinajaza kati, tuba inatembea chini. Hadi hapo ni Ujerumani mtupu. Mara ya pili mpiga snea anaanza kuchokoza. Wimbo unakwenda kwa mbili, yeye anaingiza tatu ndani ya mbili hizo, mapigo ya chakacha, na ngoma kubwa badala ya kukazia pigo la kwanza inalikwepa na kudondokea baada yake. Tarumbeta zinalazimika kufupisha nota zao ili zimpishe. Tuba inaacha kutembea, inaanza kurudiarudia vifungu vifupi. Wimbo ni uleule, ila sasa mabega ya watu wa kando ya barabara yanatikisika. Wakifika kwenye foleni ya taa, wapigaji hawamalizi wimbo, wanazunguka palepale mpaka mpiga ngoma aamue. Anapiga kishindo cha kukatia, wote wanaingia wimbo mwingine, na mara nyingi ni wa Bongo Fleva. Mtu anateremka kwenye gari lake anawatunza elfu tano. Mcheza kwao hutunzwa.

Sijaona mtu akiongoza kwa fimbo nyuma ya pikapu. Anayeongoza ni ngozi.

Sasa tuende ukumbini, kwenye bendi ile kubwa ya kukaa na kusikilizwa. Bendi hiyo ina watu arobaini, sitini, wakati mwingine zaidi: filimbi, klarineti nyingi, saksafoni, horn, tarumbeta, tromboni, tuba, na nyuma kabisa wapiga ngoma. Haina violini. Marekani na Japani kila shule yenye uwezo inayo, na kwa sababu zinahitaji muziki mpya kila mwaka, wachapishaji huzilisha. Katika chakula hicho, Afrika ni kiungo kinachopendwa. Robert W. Smith alitoa *Africa: Ceremony, Song and Ritual* katika miaka ya 1990, kazi iliyochota kwenye ngoma za Afrika Magharibi na ambayo bendi za shule za Marekani zimeipiga mara zisizohesabika. Kwa haki yake, inawapa wapiga ngoma jasho la kweli. Sisi watu wa Kiswahili tunaguswa zaidi na *Baba Yetu* ya Christopher Tin, iliyotungwa 2005 kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, yamepangwa na Mkenya Chris Kiagiri. Baadaye Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini ikaiimba katika albamu, na mwaka 2011 ikaingia katika historia kwa kuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata Grammy. Leo bendi na kwaya za mabara yote huipiga, na vijana wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji hutamka "uliye mbinguni" bila kukosea.

Naupenda wimbo huo, na nimewahi kuutetea mbele ya watu waliousema vibaya. Lakini nikiusikiliza kwa sikio la Bagamoyo, naona kwamba Kiswahili kimo katika maneno tu. Ngoma zake ni za sinema: zinaingia wimbo unapotaka kupanda mlima, zinatoka unapofika kileleni. Zinatii. Hilo ndilo tatizo la kazi nyingi za namna hii, hata zilizo nzuri. Mtunzi anachukua wimbo, anauvisha upatanifu wa kanisani, kisha anaagiza djembe, shekere na kengele zikae nyuma ya jukwaa zitie rangi. Djembe ni ya Afrika Magharibi, wimbo ni wa Afrika Kusini, jina la kazi linataja mlima wa Tanzania, na hakuna anayeona ajabu.

Na wala tusiwalaumu wageni peke yao. Kipande kinachopigwa zaidi na bendi za kupuliza katika nchi yetu ni *Mungu Ibariki Afrika*. Bendi za polisi na jeshi hukipiga katika kila sherehe ya taifa. Asili yake ni wimbo wa Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alioutunga 1897. Ni muziki wa Mwafrika, ila umekaa katika mtindo wa tenzi za Kimethodisti aliokulia, na bendi zetu huupiga hivyohivyo, wima, ngoma zikivumisha tu mwanzoni na mwishoni. Hakuna ubaya, wimbo wa taifa hauhitaji kuchezwa. Ila unaonyesha kwamba kutungwa na Mwafrika ni jambo moja, na kufuata akili ya ngoma ni jambo lingine.

Basi akili hiyo ikiandikiwa bendi ya watu sitini, itakuwaje? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko Bagamoyo, na halikuletwa na Wabagamoyo.

Wagogo wa Dodoma wanajuana na njia ya Bagamoyo tangu zamani. Misafara ya pembe na watumwa ilipita kwao na kulipa hongo. Stanley mwenyewe aliilipa akilalamika. Karne moja baadaye, Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 na kuwakusanya wasanii waliokuwa katika kikundi cha taifa cha ngoma, mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa 1938. Alifundisha pale, akakaa pale, akalea pale ukoo mzima wa wanamuziki, na alipofariki Desemba 2003 alikuwa amelifikisha jina la ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze hadi kwenye studio za Peter Gabriel Uingereza. Chuo chenyewe tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Ukumbi wake wa zamani uliungua 2002, mpya ukafunguliwa 2008, na tamasha lake la kila mwaka limekuwa likiwaleta watu ufukweni tangu miaka ya 1980.

Kwa nini muziki wa Wagogo? Kwa sababu ya hesabu moja ya sauti. Chukua tarumbeta la askari lisilo na vibonyezo, lile la kuamshia kambi. Kwa kukaza na kulegeza midomo tu, linatoa so, do, mi, so. Ishara za kambini, za kuamka, za kula na za kulala, zimeshonwa kwa sauti hizo chache. Ukikaza zaidi inakuja sauti ambayo watu wa kwaya wanaosoma solfa wangeiita ta, lakini imelegea: iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Halafu inakuja do ya juu, re, mi. Hizo si sauti zilizobuniwa na mtu. Ndizo zilizomo ndani ya mabomba ya namna hii na uzi uliokazwa, kwa utaratibu huohuo.

Mtafiti wa Austria Gerhard Kubik ameonyesha kwamba Wagogo hupanga muziki wao juu ya ngazi hiyohiyo: so, ile ta iliyolegea, do, re, mi. Ndiyo ilimba inavyowekwa, ndivyo wanavyoimba kwa sauti nyingi. Mzungu anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani wamekosea kidogo. Hawajakosea, wako ndani ya uzi, kinanda ndicho kilichosogea. Mpiga tarumbeta aliyesomea chuoni hufundishwa kuikwepa sauti hiyo iliyolegea kama shimo barabarani, abonyeze vibonyezo apate nyingine iliyo sawa na kinanda. Benjamin Britten wa Uingereza aliiona thamani yake mwaka 1943, akaandika kazi ambayo horn moja inaifungua na kuifunga kwa sauti za bomba tu, pamoja na zile zilizolegea. 

Kwa hiyo lile bomba la shaba waliloshikishwa vijana wa misheni na sauti ya Mgogo anayeimba Dodoma vilikuwa na ngazi moja tangu mwanzo. Kilichovitenganisha ni vibonyezo.

Mtunzi anayetaka kuandikia bendi kutoka hapa anaweza kuanza na tromboni, ambayo haina vibonyezo bali ina mrija wa kusogeza, na mkono unaweza kusimama mahali popote sikio linapotaka. Ape tromboni tatu zile sauti za waimbaji. Horn zipewe sauti za bomba wazi, bila kubonyeza. Klarineti ndizo zishike kazi ya ilimba, lakini isiwe klarineti moja inayokimbia. Vidole gumba viwili vya mpiga ilimba hupokezana, hiki kikipiga pale kingine kilipoacha nafasi, na wimbo unaosikika haukupigwa na kidole chochote peke yake. Azigawe klarineti katika makundi mawili, kila kundi lipige nusu ya sauti, na wimbo utokee katikati yao, hewani. Mbinu hii haiko Dodoma tu. Uganda, katika majumba ya wafalme wa Bunyoro, Toro na Buganda, kuna amakondere, mabaragumu ya vibuyu ambayo kila moja hutoa sauti moja tu; watu hupokezana mmojammoja mpaka wimbo ukamilike. Kwa bendi ya shule yenye wanafunzi wa mwaka wa kwanza hii ni neema: mtoto anayejua nota moja tu tayari ana kazi ya kweli, na akikosa kuingia, kila mtu anajua.

Halafu kuna ule mvumo. Ilimba ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, sawa na vibuyu vya mganda, ili kila sauti itoke na mtetemo wake kama nyuki. Sikio la huku halipendi sauti iliyooshwa ikatakata. Bendi ya ukumbini imejengwa kwa miaka mia moja na zaidi ili ioshe kila sauti. Tarumbeta zinaweza kuwekewa vizibo vinavyozifanya zitetemeke, na klarineti inaweza kupulizwa huku mpigaji akivumisha kwa koo. Ni kazi ya majaribio, na wengine watasema inaharibu ala. Waulize wapiga matarumbeta wa Tegeta kama walishawahi kuogopa hilo.

Kubwa zaidi ni mahali pa kukaa. Wapiga ngoma waje mbele, wawe wanne au watano, ngoma za ngozi, mkubwa wao katikati. Anayeongoza kwa fimbo, kama ni lazima awepo, akae mahali ambapo naye anamwona mpiga ngoma. Kwenye karatasi, vifungu visihesabiwe mara nne au nane. Iandikwe kwa Kiswahili, rudia hadi ngoma ikate. Hapo ndipo bendi ya shule ya Texas au Osaka itakapopata taabu, kwa sababu imefundishwa kuhesabu wala haikufundishwa kungoja kishindo. Itajifunza. Watoto wa misheni walijifunza kinyume chake kwa muda mfupi.

Kikwazo cha kuifanya kazi hii kwetu si ujuzi. Dar es Salaam kuna wapigaji wa polisi, jeshi na makanisa wanaosoma nota vizuri kabisa. Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini, kuna wapiga ngoma ambao mtu husafiri kutoka Ulaya kuja kuwasikiliza, na kuna jukwaa. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia mazoezi ya mwezi mzima ya watu sitini, nauli zao na chai yao, pamoja na mwandishi wa kukaa kuziandika sehemu zote hizo moja moja. Wizara inanunua muziki wa sherehe, na sherehe inataka gwaride. Makanisa yanataka tenzi. Anayelipa bila kuchelewa, tena taslimu, ni bwana harusi, naye anataka wimbo unaovuma wiki hii, upigwe kwa nguvu, kuanzia kanisani mpaka mlangoni mwa ukumbi.